Ardhi ikitikisika Fizi: mwalimu na mtafiti wanahitajiana

Jumatatu tarehe 5 Desemba 2005, kisha saa nane mchana, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea upande wa Ziwa Tanganyika. Kalemie nyumba zilianguka, na watu waliusikia mtikisiko hadi Nairobi. Lile la Bukavu, tarehe 3 Februari 2008, lilikuwa dogo kuliko hilo na lilipiga Jumapili asubuhi. Bahati tu kwamba watoto hawakuwa darasani.

Misisi, kama Fizi yote, iko kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inaachana polepole. Ndiyo maana ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470.

Wataalamu wa mambo haya wapo. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kilianzishwa 1947. Goma kuna observatwari inayofuatilia volkano ya Nyiragongo. Kuna pia KivuSNet, mtandao wa mashine za kupima mitetemo, lakini huo ulijengwa hasa kwa eneo la Ziwa Kivu. Huku kusini mtu mwenyewe ndiye kipimo cha karibu.

Na hata mashine ikiwepo, inaeleza tetemeko lilianzia wapi na lilikuwa na ukubwa gani. Haielezi kwamba ukuta wa matofali mabichi ulipasuka na ule wa matofali ya kuchomwa ukasimama. Huo ndio ukali wa tetemeko, nao hubadilika kijiji kwa kijiji. Ili kuujua, mtafiti anahitaji mtu aliyekuwa pale: ilikuwa saa ngapi, maji ya ndoo yalimwagika au hapana, watu waliolala waliamka? Mwalimu yuko pale, ana saa na daftari, na wazazi wanamwamini.

Jambo hili limeshajaribiwa Uganda. Tangu 2017, kwenye milima ya Rwenzori, wakaaji waliofundishwa na watafiti, Chuo Kikuu cha Mbarara kikiwemo, wameripoti kwa simu maporomoko ya udongo, mafuriko na matetemeko. Fomu za namna hiyo zinaweza kujazwa bila mtandao, zikangoja kwenye simu mpaka network ipatikane. Kwetu hilo si jambo dogo, maana kupata mega na umeme wa kuchaji ni kazi.

Warsha ya siku mbili ingetosha kuanza. Kwa Misisi, isiishie kwenye matetemeko: mvua inapolowesha kilima kilichokatwa miti na kutobolewa mashimo ya dhahabu, udongo unakuwa mzito na kuteleza, na wanafunzi wengine wana baba au kaka ndani ya mashimo hayo.

Sharti moja tu: majibu yarudi. Mara nyingi wageni huja, huuliza, huandika, wanaondoka na daftari zao. Mwalimu aliyetuma ripoti apate ramani iliyotokana nayo, kwa Kiswahili, aibandike ukutani darasani.