Mifuko ya Rambo kwenye Meza ya Maonyesho

Mwaka 1928 American Institute ya New York, taasisi iliyozoea kuandaa maonyesho ya mashine na mazao, iliwafungulia mlango watoto wa shule. Maonyesho ya kitaifa ya sayansi ya wanafunzi wa Marekani yalifuata mwaka 1950 huko Philadelphia. Kanada ikaanza yake mwaka 1962 mjini Ottawa, mwaka uleule Rachel Carson alipochapisha Silent Spring, kitabu kilichoeleza madhara ya viuatilifu na kuamsha watu wengi kuhusu uchafuzi.

Wanafunzi nao wameleta kwenye maonyesho hayo kazi za kusafisha uchafu kwa kutumia viumbe, lakini mbinu hiyo haikuanzia shuleni. Tangu miaka ya 1950 Käthe Seidel alikuwa akijaribu mimea ya majini katika kusafisha maji machafu huko Ujerumani, na miaka ya 1970 Bill Wolverton wa NASA alitumia magugu maji kusafisha maji ya vyoo huko Mississippi. Wakati huo gugu hilo lilikuwa bado halijavamia Ziwa Victoria. Mvuvi wa Mwanza au Kisumu akiambiwa leo kwamba kuna aliyelipanda kwa hiari yake, atadhani anataniwa.

Kazi za namna hii zinamfaa mwanafunzi kwa sababu moja ya wazi: vifaa vyake ni rahisi. Udongo wa jalalani hauuzwi. Gharama yake kubwa ni muda, maana bakteria hawajui kwamba siku ya majaji imekaribia.

Daniel Burd wa Waterloo, Kanada, aliujua ugumu huo. Alikuwa na umri wa miaka 16 hivi, na nyumbani kila alipofungua kabati ili afanye kazi zake, mifuko ya plastiki ilimporomokea kichwani. Aliisaga ikawa unga, akachanganya na maji, hamira na kemikali za kawaida za nyumbani, kisha akatia udongo wa dampo. Mchanganyiko ule ukawekwa kwenye joto la nyuzi 30, ukitikiswa. Baada ya miezi kadhaa vijidudu vinavyoweza kuishi kwa plastiki vikawa vimeongezeka.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, lina thamani kuliko zawadi zote alizopata baadaye. Alikata vipande vya mifuko, vingine akaviweka pamoja na bakteria hai na vingine pamoja na bakteria waliochemshwa hadi wakafa. Baada ya wiki sita alivipima. Vilivyokaa na wafu havikupungua uzito. Vilivyokaa na walio hai vilipungua kwa wastani wa asilimia 17. Bila vile vipande vya wafu, mtu yeyote angeweza kudai kwamba plastiki ililiwa na maji au na joto tu.

Akaendelea kuwatenga bakteria, akawapata wa jamii za Sphingomonas na Pseudomonas wakishirikiana vizuri, na alipopandisha joto hadi nyuzi 37 na kuongeza asetati ya sodiamu, upungufu ukafika asilimia 43. Mwezi Mei 2008, kwenye maonyesho ya taifa mjini Ottawa, aliibuka mshindi.

Magazeti yakashangilia kana kwamba majalala yamekwisha. Yalivuka mipaka. Kupungua uzito peke yake hakuthibitishi kwamba minyororo mirefu ya polithini, plastiki ya mifuko hiyo, imevunjwa, maana vijidudu vinaweza kula viungo vilivyoongezwa kiwandani na kuiacha polithini yenyewe. Isitoshe, chupa ya maabara yenye joto la kudumu si dampo la Kanada wakati wa theluji.

Miaka minne baadaye, mwaka 2012, wasichana wawili wa Vancouver, Miranda Wang na Jeanny Yao, walipeleka kwenye shindano la sayansi la vijana kazi yao kuhusu bakteria wa Mto Fraser wanaovunja fithaleti, kemikali zinazolainisha plastiki. Mwaka 2015 wakaanzisha kampuni, BioCellection, wakidhani bakteria ndio watakaowabeba. Lakini bakteria hao walifanya kazi polepole mno. Kampuni ikawaacha vijidudu, ikahamia kwenye mbinu ya kikemia ya kuvunja polithini, na sasa inaitwa Novoloop. Kenya na Tanzania hazikungoja bakteria wala kemia: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na Tanzania ikafuata mwezi Juni 2019.