Sheri ya Jerez: Jina na Mahali Pake

Makala haya yanauliza swali moja: je, jina la kitu laweza kutengwa na mahali kilipozaliwa? Mfano wetu ni sheri, divai ya kusini mwa Hispania.

Tuanze na jina lenyewe. Waarabu waliuita mji wa Jerez «Sherish». Mfalme Alfonso wa Kumi aliutwaa mwaka 1264, na Wakastilia wakaandika Xerez, herufi x ikitamkwa sh wakati ule. Waingereza, waliokuwa wanunuzi wake wakubwa, wakapata humo neno sheri.

Ladha nayo ina asili yake. Sheri isiyo na utamu, iitwayo fino, hutokana na zabibu za palomino, ambazo zenyewe hazina ladha kali. Udongo mweupe wa chokaa hunywa mvua ya majira ya baridi na kuitunzia mizabibu hadi kiangazi. Divai ikisha kuchachuka, huongezewa spiriti ya zabibu hadi kileo kifikie asilimia 15, kisha hutiwa katika mapipa ya mwaloni yasiyojazwa pomoni. Juu yake huota utando wa chachu, ambao Wahispania huuita flor, yaani ua. Utando huo huikinga divai na hewa, hula mabaki ya sukari, na kuiacha nyeupe na kavu. Kileo kikifikia asilimia 17, utando hufa. Divai hupata rangi ya kahawia na kuitwa oloroso.

Huko Sanlúcar, mlangoni mwa mto Guadalquivir, upepo wa bahari huyapa maghala ubaridi na unyevu, na utando hustawi mwaka mzima. Zabibu ni zile zile, lakini divai yake, manzanilla, ni nyepesi zaidi.

Hata hivyo, kwa miaka mingi divai za Afrika Kusini, Kupro na Uingereza yenyewe ziliuzwa kwa jina la sheri. Mwaka 1967 mahakama ya Uingereza iliamua kuwa «sheri» bila nyongeza ni ya Jerez tu, ila wengine waliruhusiwa kutanguliza majina ya nchi zao. Ruhusa hiyo ilikoma katika Umoja wa Ulaya mwaka 1996.

Waliopinga walikuwa na hoja: neno ni mali ya wanaolisema. Ni kweli, lakini udongo, upepo na utando havihami pamoja na neno. Anayelichukua jina peke yake huchukua ganda, kiini kikabaki Jerez.