Faida Iliyomo Mtungini: Nani Alipie Maji ya Kitale na Bungoma?

Kitale na Bungoma huhudumiwa na kampuni moja ya maji, Nzoia Water Services Company (NZOWASCO), mali ya kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. Mwenyewe ni umma, ila kampuni za aina hii ni matunda ya Sheria ya Maji ya 2002, iliyotaka huduma ijiendeshe kibiashara: kampuni iishi kwa bili zake, na mdhibiti, WASREB, aidhinishe bei. Kwa hiyo swali la kama maji yabaki kwa serikali au apewe mwekezaji haligusi kiini. Mali ni ya umma. Hesabu ni za duka.

Hesabu hizo ndizo zinazomwacha nje mpangaji wa Tuwani au Kipsongo, mitaa ya Kitale, ambaye ploti yake haina bomba. Kumvutia bomba ni gharama kubwa, na matumizi yake ni madogo mno kuirudisha upesi. Basi hununua kwa mtungi. Meta moja ya ujazo hujaza mitungi 50 ya lita 20. Mwenye mkokoteni akiuza mtungi kwa shilingi 10 tu, meta hiyo imemgharimu mpangaji shilingi 500, mara kadhaa ya bei ya mwenye mita. Faida binafsi, basi, imo tayari katika maji ya miji hii, na anayeilipa ni maskini. Simlaumu msukuma mkokoteni: anafanya kazi ngumu pale ambapo bomba limekoma.

Wapo wanaoamini kwamba kampuni binafsi kubwa ingeliziba pengo hilo. Dar es Salaam ilijaribu. City Water, ambamo Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani walikuwa wabia, ilianza kazi Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali ya Tanzania ikauvunja. Ugomvi wao ulisikilizwa na mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa hadi 2008. Miaka hiyo yote kiu ya Dar ilibaki palepale.

Hata hivyo sitetei kurudi kule tulikotoka. Serikali ya Kenya iliahidi maji kwa wote ifikapo mwaka 2000. Mwaka ukafika, wengi hawakuwa na maji, na katika baadhi ya miji fedha za bili ziliishia kwenye mfuko wa jumla wa halmashauri huku mabomba yakioza. Bili ina kazi yake halali: umeme wa pampu, dawa ya kusafishia maji, mishahara, na mafundi wa kuziba mivujo. Kitaifa, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaleti mapato, na kwa upotevu huo kampuni iulizwe bila huruma.

Bomba jipya ni jambo jingine. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kimeyafanya maji safi na ya kutosha kuwa haki ya kila mtu, na haki haingoji mwenye nayo awe mteja mwenye faida. Bomba la kwanza la mtaa lilipiwe na kodi, kama barabara inavyolipiwa, kisha bili ilitunze. Mabunge ya kaunti za Trans Nzoia na Bungoma hupitisha bajeti kila mwaka wa fedha. Fungu la mabomba ya mitaa isiyo nayo liandikwe humo kwa jina la mtaa na urefu wa bomba, ili mkazi aweze kwenda kupima mtaro kwa hatua zake mwenyewe.