Mkwaju Chini ya Ndara

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa siku ya mapumziko ili Wakenya tupande miti. Mvua ilikuwa imerudi kwa fujo baada ya ule ukame mrefu, na njia ya kuingia kwetu, chini ya mlima Ndara, ilikuwa matope matupu. Nilifika nyumbani na miche kumi ya mikaratusi niliyopewa bure mjini Voi. Bibi yangu aliitazama, akauliza, "Hii itakunywa maji ya nani?" Kisha akanituma ndani nimletee kopo la mbegu za ukwaju.

Sikubishana naye. Pale juu mlimani kuna kiumbe mfano wa mnyoo, asiye na miguu, jamaa ya chura, ambaye haonekani mahali pengine popote duniani. Wanasayansi walimpa jina lake mwaka 2005. Anaishi kwenye udongo wenye unyevu, na mikaratusi iliyopandwa huko imelaumiwa kwa kuukausha. Kwa hiyo Bibi na wanasayansi wako upande mmoja, ingawa hawajawahi kukutana.

Lakini siku ile Bibi hakuwa akifikiria mnyoo. Alikuwa akifikiria mkwaju wetu mkubwa, ule ulio nyuma ya jiko, ambao kivuli chake kinafika mpaka kwenye zizi la mbuzi. Wiki mbili kabla, baba mdogo alikuwa amepata mnunuzi wa makaa. Mti kama ule, alisema, ni magunia mengi, na mtoto wake alikuwa anadaiwa karo. Bibi alimjibu neno moja tu: "Jaribu."

Sababu yake haikuwa huruma kwa mti. Shamba letu halina hatimiliki. Tumekaa hapo vizazi, tumezika hapo, lakini kwenye karatasi sisi ni watu wa kungojea. Mpima ardhi alipokuja mara ya kwanza, miaka ya nyuma, aliuliza tuna nini cha kuonyesha kwamba tumekuwa hapa. Nyumba zetu za udongo zilikuwa zimejengwa upya mara nyingi. Babu, aliyekuwa hai wakati huo, alimshika mkono akampeleka nyuma ya jiko.

Mkwaju ni shahidi mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu hauna haraka. Uliopandwa kwa mbegu unaweza kuchukua miaka saba, kumi au zaidi kabla ya kuzaa, kisha ukaishi hata kupita miaka mia mbili. Una majani mwaka mzima, isipokuwa kiangazi kikizidi kabisa. Mtu anayepita tu hapandi mkwaju. Akiula, ni wa mwenzake.

Na ni mti wa kwetu, ingawa jina lake la kitaalamu linasema vingine. Waarabu waliita tunda lake tamr hindi, tende ya India, na Carl Linnaeus mwaka 1753 akaukubali uongo huo akaandika Tamarindus indica. Mti wenyewe asili yake ni Afrika ya joto. Ulivuka bahari kwenda India zamani sana, ukapendwa huko, ukarudi kwenye vitabu ukiwa mgeni. Kiswahili hakikudanganyika. Kuna Mkwajuni Unguja, kuna Mkwajuni Dar es Salaam, kuna Mkwajuni kule Songwe: mahali ambapo watu walijielekeza kwa mti kabla ya kujielekeza kwa barabara. Hata fimbo ya kuchapia tuliiita mkwaju, na leo mtangazaji wa mpira akipaza sauti "mikwaju ya penalti!" hakuna anayeona ajabu.

Jina Ndara nalo liko kwenye maandishi ya zamani. Wengi sasa wanauita mlima huu Sagalla, lakini kwa misafara iliyotoka Mombasa palikuwa Ndara. Walipita Rabai, wakaingia nyika ya Taru isiyo na maji, wakafika Maungu wakiwa hoi, kisha hapa, kabla ya Bura na Taveta. Mwaka 1883 mmisionari J. A. Wray wa Church Missionary Society alikuja kuishi mlimani, na mwaka huohuo Joseph Thomson, akielekea nchi ya Wamaasai, alipita akamkuta. Mwaka uliofuata ikaja njaa ambayo Wataita wanaikumbuka kwa jina la Mwakisenge. Nyakati kama hizo mti wenye mizizi mirefu huwa na kitu cha kutoa wakati shamba halina. Ukwaju haushibishi, lakini ukimenywa na kufinyangwa na chumvi unakaa miezi bila kuharibika, na ukitiwa kwenye uji mwembamba unamfanya mgonjwa akubali kumeza.

Halafu ikaja reli. Mwaka 1898, wakati simba wa Tsavo walipokuwa wakiwala vibarua wa daraja, treni zilikuwa tayari zinapita Voi. Treni za mvuke zilikula kuni, na kuni ni miti ya mtu fulani. Vita Kuu ya Kwanza vilipofika, reli nyingine ikajengwa kuanzia Voi kuelekea Maktau na Taveta, ili kupeleka jeshi la Waingereza dhidi ya Wajerumani. Makaburi ya askari yako pale Voi mpaka leo, yametunzwa, kila jiwe na jina lake.

Majirani zetu wa Kasigau hawakupata mawe. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawaondoa mlimani kwao wakawapeleka Malindi. Wengi walifia huko. Waliobaki walirudi baada ya miaka mingi. Nikiwafikiria watu hao, najua kwa nini Babu alimshika mpima ardhi mkono. Watu wanaweza kuhamishwa kwa siku moja. Mti unabaki pale ulipo, na anayerudi anaweza kuuliza njia kwa kuutazama.

Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ikatengwa, na sehemu kubwa ya ardhi ya iliyo leo Kaunti ya Taita Taveta ikawa ya wanyama. Mashamba ya mkonge nayo yakachukua yake. Sisi tulibaki katikati, na ndovu wanakuja kututembelea. Wanapenda ukwaju kuliko mahindi, ukiniuliza mimi. Usiku unawasikia wakitikisa matawi, asubuhi unakuta mbegu ndani ya kinyesi, tayari kuota. Kule Sagalla wakulima wengine wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, kwa njia iliyofanyiwa utafiti na Lucy King, kwa sababu ndovu anamwogopa nyuki. Mkwaju wetu hauna mizinga. Una makovu ya pembe upande wa mashariki, na umepona.

Basi, miche. Bibi alinifundisha hivi. Mbegu uziloweke kwenye maji usiku kucha. Zile zinazoelea, tupa. Ngozi ya mbegu ni ngumu, hivyo ukitaka ziote sawasawa, zikwaruze kidogo kwenye jiwe, ila usiguse upande wenye jicho. Zitie kwenye pakiti ndefu, si fupi, maana mzizi wake mkuu unashuka chini upesi na ukikutana na sakafu ya pakiti unajikunja, na mti uliojikunja mzizi ukiwa mtoto hausimami vizuri ukiwa mzee. Udongo uchanganye na mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza. Katika wiki moja au mbili utaona shingo ya kijani. Panda mvua zikianza, kwenye jua kamili, hatua kumi na zaidi kutoka nyumbani, mahali maji hayatuami. Miaka miwili ya kwanza uzungushie miiba, na kiangazi uupe maji ya kuoshea vyombo. Baada ya hapo uache ujitafutie.

Nilipanda mitatu. Wa kwanza mbuzi walimaliza siku ya nne, kwa sababu nilidhani matawi mawili ya mgunga yanatosha. Wa pili niliuweka bondeni, penye udongo mweusi, na mafuriko ya mwezi huohuo yakauozesha mizizi. Bibi hakunilaumu. Alisema tu, "Sasa umejua bei ya ule mwingine."

Baba mdogo alikuwa ameketi pale akasikia. Jioni aliniuliza kama kuna njia ya kujua umri wa mkwaju mkubwa, ili tumwandikie mpima ardhi akirudi. Nilimweleza kwamba miti ya nchi za joto mara nyingi haina pete zinazosomeka vizuri, na hata zingesomeka, njia tuliyo nayo sisi ya kuzihesabu ni kuukata. Alicheka sana. "Kwa hiyo shahidi akitoa ushahidi, anakufa!" Mnunuzi wa makaa alipopiga simu tena, nilimsikia akimwambia bei imepanda. Alitaja bei ambayo hakuna mtu atalipa. Karo tulichangiana, mimi nikauza mbuzi wawili, na kusema kweli sikuwasikitikia.

Hatimiliki bado hatujapata. Mpima ardhi aliahidi kurudi. Tumeweka mawe meupe kuzunguka shina, na baba mdogo ameandika kwenye daftari la shule majina ya waliozikwa upande ule, kuanzia wale ambao Bibi aliwajua kwa macho, kisha wale aliosimuliwa na mama yake. Bibi anataja, yeye anaandika, na kila mara wanabishana nani alitangulia.

Mche wa tatu uko hai. Unanifika magotini. Jua linapotua nyuma ya milima ya Taita, vijani vyake vinafungwa viwili viwili, kama vya ule mkubwa. Kila jioni Bibi huniuliza kama umefunga. Nikimwambia ndiyo, anasema basi mzizi umeshika, twende tukale.