De Winton, Francis Walter

Francis Walter de Winton (1835–1901), ofisa wa kikosi cha mizinga cha Uingereza, alikuwa msimamizi mkuu wa Dola Huru la Kongo kati ya 1884 na 1886. Kwa mujibu wa ramani za Brussels, mamlaka yake yalifika hadi Kasongo na Kabambare. Yeye mwenyewe hakufika huko.

Jeshini

Alisomea Woolwich, akaingia kikosini mwaka 1854 na kupigana vita vya Krimea, Sevastopol ilipozingirwa. Baadaye alikuwa katibu wa Markizi wa Lorne, Gavana Mkuu wa Kanada.

Kongo na Maniema

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimteua kumrithi Henry Morton Stanley. Aliongoza kutoka Vivi, karibu na Matadi, na Julai 1885 akatangaza rasmi kuundwa kwa dola.

Mashariki, huko Maniema, hali ilikuwa nyingine kabisa. Kasongo, mji mashuhuri wa Wangwana (Waislamu waliofuata utamaduni wa Waswahili), ulikuwa chini ya mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu. Kabambare, nchi ambamo leo mna Salamabila na dhahabu ya Namoya, ilipitiwa na misafara ya pembe na watumwa iliyoelekea Ziwa Tanganyika, kisha Tabora na pwani. Ulikuwa utajiri mkubwa, na wenyeji ndio walioulipia kwa mateso makali.

Kituo cha mbali kabisa cha dola kilikuwa kwenye Maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo. Agosti 1886, miezi michache baada ya de Winton kuondoka, askari wa dola walifukuzwa hapo. Februari 1887, mjini Zanzibar, Stanley alimpa Tippu Tip uliwali wa Maporomoko kwa jina la Leopold. Stanley alikuwa njiani kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, na katibu wa kamati ya msafara huo alikuwa de Winton huyo huyo. Dola liliingia Kasongo kwa vita tu, Aprili 1893, likiongozwa na Francis Dhanis.

Mombasa

Mwaka 1890, akiwa Mombasa, alisimamia kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akamtuma Frederick Lugard Uganda.

Familia

Ukoo wake ulikuwa wa Maesllwch, Wales. Alimwoa Evelyn mwaka 1864. Mwana wao mmoja alifuatana na Lugard, akafia Uganda. Kuanzia 1892 de Winton alisimamia nyumba ya mwanamfalme aliyekuja kuwa Mfalme George V. Alifariki Llanstephan, Wales, tarehe 16 Desemba 1901.