Kizungu cha Baharini: Usimwambie Mgeni Bahari Iko "Dirty"

Cheki hii. Uko jeti ya Shela, mashua iko tayari, mgeni ashajipaka losheni ya jua. Kusi inavuma na nahodha anasema bahari imechafuka. Wewe unamtafsiria mgeni: "The sea is dirty." Anachungulia maji, yako safi mpaka samaki wanaonekana. Hajui unaongelea mawimbi. Anaweza kudhani unamchocha, ama mbaya zaidi, asisitize muende tu. Ulifaa kusema "The sea is rough."

Grama yako haikuwa na noma. Shida ni kwamba kila lugha ina maneno yenye hutembea pamoja, na ukibadilisha moja maana inaenda mrama. Kwa kazi ya wageni pale Lamu, hiyo ni doo na pia usalama wa watu.

Tunapiga kila kitu

Sisi tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga mbizi. Kizungu kinataka kitenzi tofauti kila mara: "take a photo", "make a call", "brush your teeth", "dive". Hakuna formula, ni kushika tu. Anza na hizi za kazi:

- Upepo mkali: "strong wind".
- Mvua kubwa: "heavy rain", si "big rain".
- Kunywa dawa: "take medicine", hata kama ni ya maji.
- Maji yamekupwa: "the tide is out". Yakijaa, "the tide is in". Hii shika sana ukipeleka watu Pate kupitia Mkanda, juu pale maji ni machache na boti hungoja yajae. Ukisema "the water is finished", mgeni atadhani ni ya kunywa imeisha.
- Nitakupunguzia: "I'll give you a discount". Ukisema "I will reduce you", mgeni atajiuliza kama umemwita mnene.

Nahau zilizotoka melini

Waingereza walikuwa mabaharia pia, ndio maana nahau zao kibao zimetoka kwa matanga. Msee wa Matondoni mwenye amekua akiona majahazi yakiundwa ako mbele ya mwanafunzi wa Nairobi hapa.

- "Learn the ropes": kujifunza kazi mpya. Baharia mgeni alianza kwa kujua kamba gani inavuta nini.
- "Taken aback": kushtuka. Upepo ukipiga tanga kutoka mbele, meli inakwama ghafla.
- "Three sheets to the wind": kulewa chakari. Hapa "sheet" si shuka wala tanga. Ni kamba ya kushikilia tanga, yaani demani. Zikifunguka, chombo kinayumba kama mlevi.
- "Miss the boat": kupitwa na nafasi. Si lazima kuwe na boti popote.
- "Under the weather": kujisikia mgonjwa kidogo. Mgeni akikuambia hivi asubuhi ya safari, usimwonyeshe venye jua limewaka. Muulize kama muahirishe.

Venye utazishika

Usiandike neno pekee yake. Usiandike "mistake", andika "make a mistake". Usiandike "business", andika "do business". Weka kwa simu, tatu kwa siku, na uzitumie siku hiyo hiyo kwa sentensi ya kazi yako. Neno bila mwenzake utalisahau kabla ya Ijumaa.

Ukisikia mgeni ametumia maneno mawili pamoja, yanase venye yalivyo. Hujaelewa? Uliza "What do you mean?" Hakuna aibu hapo, na wengi hufurahia kueleza.

Nahau nazo zisikie mara kadhaa kabla ya kuzitumia. Si kila mgeni amezaliwa na Kizungu. Mwitaliano ama Mfaransa anaweza kuelewa "rough sea" haraka lakini "taken aback" impite kabisa. Kwa hivyo nahau ni za kuelewa kwanza, kuongea baadaye. Na mambo ya mawimbi, upepo na maji kupwa, tumia maneno rahisi kila siku. Hapo mtu hafai kubahatisha maana.