Mtaala wa hesabu kwa vitendo kwa madogo wa nyumbani: kabla hujaagiza boksi, pita kwanza Kariakoo



Mada ya leo ni kwa wale mliomaliza shule, mko mtaani, na nyumbani mmeachiwa madogo. Yaani wewe ndiye mwalimu wa zamu bila barua ya ajira. Mama yuko sokoni mpaka jioni, dogo ana miaka 4, 5 au 6, halafu unaambiwa "mfundishe mwenzio hesabu". Ukiingia kafe kutafuta, unakuta mitaala ya kufundishia nyumbani imejaa tele, kila mmoja una boksi la vitu vya rangi na kila mmoja unajisifia. Uchukue upi?

Mimi nimeingia kwenye ishu hii kwa sababu ya mama mdogo wangu, anauza vitenge Mtaa wa Kongo. Mwanae ana miaka 5 na mwakani anafanya usaili wa darasa la kwanza kwenye shule moja ya Kiingereza. Ndugu aliyeko Marekani kamshauri aagize boksi la mtaala, na zamu yake ya mchezo imekaribia, kwa hiyo hela ipo. Dogo mwenyewe anahesabu kwa Kiingereza mpaka mia moja bila kukwama, kama wimbo. Nikamwomba aniletee visoda 7 kutoka kwenye kopo. Akaniletea kiganja kizima! Nikamuuliza ni ngapi, akaanza kuimba tena.

Hapo ndipo nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyokusanya.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtaka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie. Mfumo mpya, ule wa Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, unamwanzisha darasa la kwanza akiwa na miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa awali. Kwa hiyo kufundisha nyumbani ninakozungumzia hapa ni kwa mtoto ambaye umri wa shule haujafika, au anayerudi shule jioni, au yuko likizo. Au litokee kama lile la Machi 2020, corona ilipofunga shule zote na madogo wakakaa nyumbani mpaka mwisho wa Juni. Habari ya kumkatalia mtoto shule kabisa, hiyo siiungi mkono.

HESABU KWA VITENDO NI NINI HASA

Ni hivi: mtoto anashika kitu kwanza, halafu anakiona kwenye picha, ndipo anaandika tarakimu. Aliyeipanga ngazi hiyo kitaalamu ni Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1960. Singapore wakaichukua miaka ya 1980 wakajengea vitabu vyao vya shule, na leo vitabu vya namna hiyo vinauzwa nchi nyingi kwa jina la hesabu za Singapore.

Maria Montessori, daktari wa Italia, alikuwa ametangulia na shanga zake. Shanga moja ni 1, waya wenye shanga 10 ni 10, waya 10 zikiunganishwa zinatoa mraba wa 100, na miraba 10 ikipangwa juu kwa juu inatoa mchemraba wa 1,000. Mtoto anaibeba elfu moja kwa mikono miwili na kusikia uzito wake. Mbelgiji Georges Cuisenaire naye alitoa kitabu mwaka 1952 akieleza vijiti vyake vya mbao vya rangi, kuanzia sentimita 1 mpaka 10. Ukiweka cha 3 na cha 4 kichwa kwa kichwa, vinalingana na cha 7. Mtoto haambiwi, anaona mwenyewe.

Mitaala mingi ya boksi ni watoto wa hao wazee. Math-U-See, ya Mmarekani Steven Demme, ina matofali ya rangi na video za mwalimu, na inakaa kwenye jambo moja kwa muda mrefu kabla ya kwenda jingine. RightStart ya Joan Cotter inatumia abakasi ya shanga 100 zilizogawanywa tano tano kwa rangi, pamoja na michezo ya karata. Saxon inarudia rudia, kila siku kitu kipya kidogo na mazoezi mengi ya zamani, na kwa madarasa ya chini inamwandikia mzazi mpaka maneno ya kusema. Kama unajua hujiamini kufundisha, hiyo ya mwisho itakubeba. Ila dogo asiyetulia ataichoka haraka, hayo ni maoni yangu.

Sasa sikilizeni. Ukiyatoa mazuri yote ya hayo maboksi ukayaweka mezani, plastiki ndiyo ya bei rahisi kuliko yote. Unachonunua hasa ni MPANGILIO: nini kinaanza, nini kinafuata, na lini uviondoe vile vitu. Mtaala ambao kiongozi chake hakikuambii lini mtoto aache kushika visoda aanze kuchora, huo ni toy tu hata kama una picha nzuri. Nimeona watoto wa darasa la nne bado wanachora vijiti 48 pembeni ya daftari ili watoe 9. Hao vitu walipewa, daraja la kutoka kwenye vitu hawakupewa.

Kingine, mitaala ya Kimarekani imejaa sarafu zao, inchi zao na galoni zao. Dogo wa Gerezani anajifunza thamani ya sarafu ambayo hajawahi kutumwa nayo dukani. Unaruka kurasa hizo, kwa hiyo umelipia kurasa za kuruka.

VITU VYENYEWE VIPO MTAANI

Mpangilio upo hapa hapa. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ndiyo inayotunga mihtasari ya awali na msingi, na mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Vitabu vyao vipo kwenye maktaba mtandao yao, unavisoma bure. Nusu saa ya kafe inatosha kunakili mada za kuhesabu za awali kwenye daftari. Udhaifu wake? Imeandikwa kwa mwalimu wa darasa zima, siyo kwa kaka mtu mwenye dogo mmoja sebuleni, kwa hiyo michezo utaibuni mwenyewe.

Basi mimi nimetumia mpangilio wa TET na ngazi ya Bruner, vitu nikavitafuta Kariakoo kwa miguu. Nilivyovipanga:

Naanza na vijiti. Vijiti vya meno au njiti za mshikaki, na rababendi za kufungia noti. Kila vikifika 10 tunafunga kifurushi. Kifurushi ni kinene kuliko kijiti kimoja, mtoto anaona kwamba kumi ni kumi. Hapa usiwe na haraka. Wiki mbili, tatu, sawa tu. Piaget wa Uswisi alionyesha kwamba mtoto mdogo ukitanua safu ya vitu mbele yake atakwambia vimeongezeka, na hali hiyo huisha kwenye miaka 6 au 7 hivi. Kwa hiyo dogo wa miaka 5 akikosea hapo usimkaripie, akili yake bado inakua. Mtanulie, mkusanyie, mwache ahesabu tena.

Kisha hela. Hapa Tanzania tuna bahati ambayo watu hawaioni: sarafu 10 za mia ni noti ya 1,000, na noti 10 za 1,000 ni noti ya 10,000. Ni mamoja, makumi na mamia, ila imevaa picha. Lakini usianze nayo! Noti ya 1,000 siyo kubwa mara 10 kuliko sarafu ya mia, ni makubaliano ya watu wazima tu. Mtoto ambaye hajafunga vijiti atachagua sarafu 5 dhidi ya noti 1, kwa sababu tano ni nyingi. Aliyeshafunga vifurushi anaelewa kwamba noti ni kifurushi. Usitumie hela halisi sana, kata karatasi, si mnajua tena hela inavyopotea.

Halafu ndiyo abakasi, ambayo ni ngumu zaidi kwa sababu shanga zinafanana kabisa na thamani inatokana na mahali ilipo. Waya tatu na shanga kutoka kwa wauza shanga vinatosha, kipande cha mbao ndicho kitako. Tarakimu zinakuja hapo, kila waya na tarakimu yake chini.

Ukitaka vijiti vya Cuisenaire, mpelekee seremala wa Keko mchoro. Seti moja ya 1 mpaka 10 ni jumla ya sentimita 55 za kijiti cha unene wa sentimita 1, kwa hiyo seti nne ni mita 2 na sentimita 20, ongeza kidogo kwa ajili ya msumeno. Sisitiza kipimo. Vikipishana milimita mbili, 3 na 4 hazitakuwa 7 na mchezo umeharibika.

Soko lenyewe ni somo. Nyanya zimepangwa mafungu, kila fungu nne: mafungu matatu ni ngapi? Hiyo ni kuzidisha na dogo hajui kama anazidisha. Dukani kwa mama mdogo kuna doti ya khanga, ambayo ni vipande viwili, kwa hiyo nusu doti ni kipande kimoja. Wa jumla wanauza kwa dazeni. Na bao pia: mashimo 32, kete 64, unasia moja moja kila shimo. Mtoto anayeruka shimo au kutia mbili pamoja umeshajua tatizo lake liko wapi.

LUGHA YA NAMBA

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Kiswahili kinasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Yaani kinakwambia wazi: kifurushi kimoja na vijiti vitatu. Kiingereza kuanzia kumi na moja mpaka kumi na tisa kinaficha, mtoto anameza maneno mapya tu. RightStart wanalijua hilo, ndiyo maana wanawafanya watoto wa Kimarekani waanze kwa kusema "kumi-moja, kumi-mbili" kwa Kiingereza chao, wakiiga lugha za Asia ya mashariki. Sisi tunayo bure!

Kwetu ugumu unaanza kwenye ishirini, thelathini, arobaini, majina yaliyotoka Kiarabu, ambayo hayakuonyeshi 2, 3 wala 4. Dawa yake: akishika vifurushi vitatu aseme "makumi matatu, thelathini", yote mawili, mpaka izoeleke.

Nikamwambia mama mdogo tuanze kwa Kiswahili mpaka dogo aelewe namba, Kiingereza kitakuja kama jina la pili la kitu anachokijua. Alisita. "Mwanangu, kwenye usaili watamuuliza kwa Kiingereza." Ni kweli, na mtoto hafanyi usaili mara mbili. Tukakubaliana: asubuhi Kiswahili na vijiti, jioni vitu vile vile kwa Kiingereza. Dakika 15 kila kipindi, akianza kuangalia dirishani tunafunga. Ni wiki ya tano sasa, na ukimwomba 7 anakupa 5 na 2 bila kuhesabu. Zaidi ya 20 bado anababaika. Hela ya mchezo bado haijaguswa.

Maboksi ya nje siyo jambo geni kwetu, tena yalishakuja kwa ukubwa wa kitaifa. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya hesabu mpya kwa ajili ya shule za Afrika, vimejaa seti na lugha nzito. Kenya ilikuja kuzifuta hesabu mpya mwaka 1981 baada ya malalamiko mengi.

Kuhusu simu na TV: Ubongo Kids, katuni za hapa hapa Dar zilizoanza 2014, ni nzuri, na Akili and Me ni ya wadogo zaidi. Programu ya onebillion ya Kiswahili ilikuwa mmoja wa washindi wawili wa XPRIZE mwaka 2019, baada ya kujaribiwa kwenye vijiji 170 hivi vya Tanga. Nazikubali kama nyongeza. Ila kugusa kioo siyo kushika kifurushi, kwa miaka 4 na 5 anzeni na mikono.

Tahadhari: visoda vina makali, tumia vifuniko vya chupa za maji. Chini ya miaka 3 usimpe mbegu, shanga wala sarafu, atameza.

Nani basi anunue boksi? Mzazi asiye na mtu wa kukaa na kupanga masomo, mwenye uwezo, na mtoto atakayesoma kwa Kiingereza tu. Huyo achukue hesabu za Singapore, au Math-U-See kama anataka video. Kabla ya kulipa aombe kurasa za mfano, nyingi zipo mtandaoni bure, azijaribu na dogo siku tatu.

Mwenye kujua duka la Kariakoo linalouza matofali ya makumi na mamia kwa rejareja aandike hapo chini, mimi nimeyakuta kwa katoni tu.